Hewa ya ukaa ya kutengeneza nyumbani: shajara ya akwariamu yangu, Moshi

Aprili, mwishoni

Tangi liko sebuleni, mbali na dirisha. Vipimo vyake ni sentimita 60 kwa 35 kwa 40, vioo vya milimita 6, kazi ya fundi wa vioo wa hapahapa Moshi. Kwa hesabu ni lita 84, lakini ukitoa changarawe, mawe na ile nafasi inayoachwa juu, maji halisi ni kama lita 70. Wakazi ni gapi, wale samaki wadogo, na konokono. Mimea ni Vallisneria nyuma, Ceratophyllum inayoelea, Cryptocoryne katikati, halafu Rotala na Hygrophila, ambazo ndizo zimenifanya nianze kuandika.

Vallisneria inatambaa na kutoa watoto kila kona. Ceratophyllum naipunguza kila mara. Rotala imedumaa: vifundo vimebanana, majani ya nchani ni madogo na yamepauka, ya chini yanadondoka. Taa ni ileile, maji ni yaleyale. Tofauti iko kwenye namna kila mmea unavyojipatia kaboni. Zaidi ya asilimia 40 ya uzito mkavu wa mmea ni kaboni, na mmea ulio majini huipata kwa taabu kwa sababu hewa ya ukaa (CO2), inayoibeba, husambaa majini polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Vallisneria na Ceratophyllum zinaweza kuitumia bikaboneti iliyoyeyuka majini. Rotala hutegemea hewa ya ukaa yenyewe, na maji yaliyokaa wazi hubaki na kiasi kisichofika hata miligramu 1 kwa lita.

Maji ya bomba hapa kwangu nimeyapima: KH (kipimo cha bikaboneti) 6, GH (kipimo cha kalsiamu na magnesiamu) 4, pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imeongezeka) 7.8. Maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano ya ukanda huu mara nyingi hubeba bikaboneti ya sodiamu kwa wingi kuliko kalsiamu na magnesiamu, ndiyo maana KH imeipita GH. Hilo la GH nitalirudia baadaye, lina mambo yake.

Hesabu inayotumika ni hii: miligramu za hewa ya ukaa kwa lita = 3 × KH × 10 kwa kipeo cha (7 − pH). Kwa KH 6 na pH 7.8 napata karibu 3. Lengo la wafugaji wengi wa mimea ni kati ya 20 na 30. Kwa maji yangu ina maana nishushe pH hadi kati ya 6.8 na 6.95, na ishuke kwa gesi peke yake. Ukiishusha kwa siki au ndimu ndani ya tangi, unaiua KH na hesabu nzima inakuwa haina maana.

Mei, mwanzoni

Chupa ya hamira, ya kunipa hewa ya ukaa kutokana na sukari, imekamilika. Nimetumia chupa ya soda ya plastiki ya lita mbili. Chupa ya maji ya kunywa haifai, ni laini mno. Ya soda imetengenezwa kubeba mgandamizo wa gesi tangu kiwandani. Ya kioo isiguswe kabisa. Ikipasuka ni vipande vya kioo vinaruka sebuleni penye watoto.

Mrija nimetoa kwenye seti ya dripu ya duka la dawa. Ni rahisi, ni mwembamba, na ni wa PVC, ambao unashikilia hewa ya ukaa vizuri kuliko mrija wa silikoni. Silikoni huipitisha gesi hii kwenye kuta zake, kwa hiyo mrija mrefu wa silikoni unapoteza gesi hata kama viungo vyote vimekaza.

Kazi inayotaka subira ni kifuniko. Vifuniko vya chupa za soda havishiki gundi. Silikoni inakaa juu kama ngozi na kubanduka ukiivuta kwa ukucha, na gundi zile za mirija miwili nazo huachia baada ya muda. Kinachozuia gesi ni ubanaji wa tundu lenyewe. Nilipasha msumari kwenye jiko la mkaa, nikatoboa tundu jembamba kidogo kuliko mrija, nikaukata mrija mshazari hadi ncha ikawa kali kama ya mkuki, nikaipenyeza kutoka juu na kuivuta kwa koleo kutoka chini. Mrija unanyooka na kuwa mwembamba unapovutwa, ukiachiwa unarudi unene wake na kulibana tundu pande zote. Ncha ya mshazari unaikata, basi. Jaribio la uvujaji nimefanya kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo huku mtu akiiminya chupa. Kiungo kinachovuja kinapuliza kiputo papo hapo.

Mchanganyiko: sukari gramu 200, maji lita moja na nusu yaliyochemshwa yakaachwa hadi vuguvugu, hamira ya mkate nusu kijiko cha chai. Sukari ni ya TPC, ya kiwanda cha jirani hapa Moshi. Hamira ikiila yote, gramu 200 za sukari hutoa karibu gramu 100 za hewa ya ukaa, yaani zaidi ya lita 50 za gesi, na pombe ya asilimia 8 hadi 9 inabaki ndani ya chupa. Ukiongeza sukari sana unaongeza pombe, na pombe ikizidi hamira inakufa sukari ikiwa bado ipo. Ukiongeza hamira, gesi inakuja kwa kishindo na kuisha mapema. Kwa hiyo nusu kijiko inatosha, hata robo.

Kati ya chupa ya hamira na tangi nimeweka chupa ndogo ya soda yenye maji nusu. Mrija unaoingia unafika chini ya maji, unaotoka unaishia juu. Inafanya kazi mbili: inazuia povu la hamira lisiingie kwa samaki, na inanionyesha viputo vinavyopita. Baada ya hapo kuna valvu ya njia moja, ili gesi ikipungua maji ya tangi yasivutwe kurudi chupani.

Angalizo ambalo nataka kila anayejaribu alisome: mrija wa dripu unakuja na kile kigurudumu cha kubana. Kwenye mfumo wa hamira kitoe kabisa. Hamira haina breki. Ukiubana mrija, hamira inaendelea kutoa gesi hadi chupa ivimbe na kifuniko kiruke.

Mei, katikati

Gesi ilianza kutoka siku iliyofuata. Kuiyeyusha majini ni suala jingine. Kiputo kikubwa kinapanda hadi juu na kupasuka, gesi yote imekwenda hewani. Nimeanza na njia ya kikombe: sehemu ya chini ya chupa ndogo imekatwa, ikageuzwa kifudifudi chini ya maji na kugandishwa kwenye kioo kwa kibandiko cha mpira. Gesi inakusanyika humo na kuyeyuka taratibu kwenye uso wa maji ulio chini yake. Haina kelele, haizibi, haihitaji mgandamizo mkubwa, na hamira haipendi kusukuma dhidi ya mgandamizo mkubwa.

pH ya jioni imeshuka hadi 7.2. Ni kama miligramu 11 kwa lita. Haijafika lengo, ila ni zaidi ya mara tatu ya nilikoanzia. Rotala imeanza kutoa ncha mpya zenye majani mapana.

Kisha nikauhamisha mrija hadi kwenye mdomo wa chujio la pampu. Viputo vinavutwa ndani, mapanga ya pampu yanavikatakata, na vinatoka vikiwa vumbi jeupe linalozunguka tangi zima. pH ikashuka hadi 7.0. Kwa tangi la ukubwa huu sioni sababu ya kutumia kingine kama pampu ipo. Kikombe nimekiacha kwa ajili ya tangi dogo.

Mei, mwishoni

Hesabu ya pH na KH inadanganya kama kuna asidi nyingine majini, na ukiwa na kipande cha mti au majani makavu ndani ya tangi, ipo. Kwa hiyo nimetengeneza kipima rangi. Ni kichupa kidogo kinachoning'inia ndani ya tangi mdomo ukiwa chini, chenye maji maalumu na matone ya bromothaimoli bluu, kimiminika kinachobadilika rangi kulingana na pH, na hewa katikati inayoyatenga maji yake na ya tangi. Gesi peke yake ndiyo inayovuka. Bluu maana yake gesi ni chache, kijani ni karibu 30, njano imezidi.

Maji hayo maalumu lazima yawe na KH 4 kamili. Kwenye KH 4, rangi ya kijani huonekana pH ikiwa karibu 6.6, na hapo hesabu inatoa miligramu 30. Ili kupata KH 4 unahitaji gramu 0.12 ya soda ya kuokea kwa lita moja ya maji yasiyo na madini. Mizani ya jikoni haioni kitu kidogo hivyo. Nilikwenda kwa sonara mjini nikaomba anipimie gramu 1.2. Aliweka kikaratasi, akaisawazisha mizani, akawa anadondosha soda kwa ncha ya kisu hadi namba ikatulia. Gramu hiyo 1.2 nimeiyeyusha kwenye lita moja, kisha nikachukua mililita 100 na kuziongezea 900 za maji safi. Maji yasiyo na madini ni yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Hakikisha lebo inasema ni maji, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri.

Kipima rangi hakiendi haraka. Rangi unayoiona sasa ni hali ya saa moja au mbili zilizopita. Usomaji wangu wa kwanza jioni: bluu inayoelekea kijani.

Juni

Baridi imeingia. Mlima hauonekani, mawingu yamekaa, na asubuhi sakafu ni ya barafu miguuni. Viputo vimepungua hadi kimoja kila baada ya sekunde kadhaa, pH inapanda kurudi 7.4. Hiyo ni miligramu 7 tu. Mchana jua likipenya, viputo vinaamka tena. Kipima rangi kinatoka bluu kali asubuhi na kuwa na ukijani alasiri.

Nikamkumbuka mama mmoja wa Uru anayepika mbege. Huku uchagani uchachushaji ni elimu ya watu wazima, ndizi na ulezi vimewafundisha mambo ambayo mimi nayatafuta kwa vipimo. Nikamuuliza, "Mama, siku za baridi unafanyaje?"

"Mwanangu, baridi ikishuka pipa nalisogeza jikoni. Ukiliacha nje linakaa kimya, halafu jua likitoka linachemka lote kwa mara moja. Pombe ya hivyo haina ladha."

Linachemka lote kwa mara moja. Ndicho kinachotokea kwangu, na ndicho ninachokihofia kuliko uchache wa gesi. Mmea hujipanga kulingana na kiasi cha kaboni kinachopatikana. Kikipanda na kushuka kila siku unashindwa kujipanga, na mwani unachukua nafasi. Kwenye kingo za majani ya Cryptocoryne zimeanza kuota nywele nyeusi fupi, ule mwani mweusi ambao haubanduki kwa kidole. Wafugaji wengi wameuona ukija pale gesi inapoyumba, na mimi sasa nimeuona. Tangi lenye miligramu 12 zisizobadilika litakuwa zuri kuliko lenye 30 leo na 8 kesho. Huo ndio msimamo wangu, na kila nitakachobadilisha kuanzia sasa kitapimwa kwa huo.

Hatua nilizochukua ni mbili. Chupa ya hamira inakaa ndani ya ndoo ya maji, na ndoo iko ndani ya kapu lililojazwa maranda na blanketi kuukuu. Maji mengi hayapoi haraka wala hayapati joto haraka. Na sasa ninatumia chupa mbili zilizounganishwa kwa kiungo cha njia tatu, zikipishana juma moja: moja ikiwa kwenye nguvu zake, nyingine inaelekea kuchoka. Naibadilisha iliyochoka tu. Kila chupa ina valvu yake ya njia moja, la sivyo gesi ya chupa changa inarudi kwenye chupa iliyochoka ninapofungua kifuniko chake.

Hali imetulia kwa kiasi kikubwa. pH ya jioni inacheza kati ya 7.0 na 7.15. Bado kuna mwendo, lakini si kama wa mwanzo.

Julai

Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kumekucha. Nilipoamka gapi wote walikuwa juu, midomo kwenye uso wa maji, wakihema kwa kasi. Kipima rangi kilikuwa cha njano.

Sababu iko wazi. Gizani mimea haitumii hewa ya ukaa, nayo inapumua kama samaki wanavyopumua, inakula oksijeni. Pampu imesimama, uso wa maji hautikisiki, gesi iliyozidi haitoki na oksijeni haiingii. Hamira haijui kama umeme umekatika. Isitoshe, Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni kabisa yanabeba karibu miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya Tanga au Dar es Salaam yanafika 8.2 hivi. Arusha, iliyo juu zaidi, hali ni ngumu kuliko hapa. Vipimo vya gesi ambavyo mtu wa pwani anavimudu bila wasiwasi, sisi wa mlimani tuvifuate kwa tahadhari.

Niliitoa mirija ya gesi, nikachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu tena na tena hadi samaki wakaanza kushuka. Hakuna aliyekufa. Tangu siku hiyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inawaka kila usiku taa zikizimwa. Inafukuza gesi, ndiyo, lakini gesi ya usiku haina kazi. Ukipiga hesabu, mfumo wa hamira unatoa gesi saa 24 na mimea inaitumia saa 8 za taa. Sehemu kubwa ya sukari inachomwa bure.

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta mfumo unaofungika.

Agosti, mwanzoni

Mfumo wa ndimu ya unga umewaka. Ndimu ya unga ni asidi ya sitriki, ile ya kutengenezea juisi na achari. Nimeinunua kwa wauza viungo. Inakutana na soda ya kuokea. Soda, isiwe bekingi pauda: ile ya pili tayari imechanganywa na asidi na wanga, itaanza kutoa povu ukiitia maji tu.

Chupa A ina asidi gramu 170 kwenye maji mililita 400. Chupa B ina soda gramu 200 na maji mililita 200. Soda haiyeyuki yote, inabaki uji mzito, na hiyo haina shida. Zote ni chupa za soda za lita mbili. Mrija wa kwanza unatoka chini kabisa ya A kwenda B, na valvu ya njia moja inayoruhusu asidi kwenda B tu. Mrija wa pili unatoka juu ya B kwenda juu ya A, nao una valvu yake inayoruhusu gesi kwenda A tu. Tundu la tatu, kwenye B, ndilo la kwenda kwenye tangi kupitia valvu ya sindano, inayopunguza gesi kidogo kidogo au kuifunga.

Unaanzisha kwa kuiminya A. Asidi kidogo inadondokea B, gesi inafumuka, na mgandamizo unapanda sawa kwenye chupa zote mbili. Tangi linapotumia gesi, mgandamizo wa B unashuka kidogo chini ya ule wa A, na A inasukuma tone jingine la asidi. Unazalisha kadiri unavyotumia. Ukifunga valvu, pande mbili zinalingana na asidi inasimama. Nimekaa nikiutazama mrija ule wa kwanza kwa muda mrefu: tone linaingia, uji mweupe unavimba pale lilipoangukia, povu linatambaa hadi ukutani mwa chupa na kutulia, kisha kimya hadi tone lijalo. Ni mpangilio mzuri sana, na hauna kifaa cha umeme hata kimoja.

Valvu ya sindano niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi. Nilijaribu kwanza kigurudumu cha dripu. Kwa mgandamizo huu kinalegea chenyewe. Unakiweka kiputo kimoja kwa sekunde, jioni unakuta vitatu. Kwenye bajeti nzima ya mradi, valvu ndiyo kitu cha kutobania.

Gesi nafungua saa moja kabla ya taa na kufunga saa moja kabla hazijazimwa. Viputo viwili kwa sekunde. Siku ya tatu kipima rangi kilikuwa kijani mchana, na kesho yake kijani kilekile, na keshokutwa yake pia. pH ya alasiri 6.85.

Mjazo mmoja unakwenda majuma mawili na zaidi. Soda gramu 200 hutoa karibu gramu 105 za gesi, sawa na ile sukari gramu 200, ila hapa hakuna inayotoka usiku.

Agosti, mwishoni

Ndimu ya unga ndiyo yenye gharama, soda ni nafuu. Mtu akaniambia nitumie magadi badala ya soda, yale ya kulainishia maharage na makande, maana sokoni Mbuyuni yamejaa na bei yake ni ndogo. Wazo lilinivutia. Ni madini ya kwetu, yanatoka Ziwa Natron, upande wa kaskazini wa mkoa wa Arusha, na mimi napenda kitu kinachopatikana jirani. Nimelijaribu kwa umakini.

Magadi niliyasaga, nikayalowesha. Maji yakawa ya kahawia na tope likakaa chini. Tope halina madhara kwa samaki kwa kuwa kinachovuka ni gesi tu, ila linaweza kuziba mrija, kwa hiyo niliyachuja kwa kitambaa. Nilipominya A, asidi iliingia na karibu hakuna kilichotokea. Nikaminya tena. Povu dogo. Baada ya muda gesi ikaja, nyingi, na mgandamizo ukapanda ghafla.

Kemia yake inaeleza kila kitu. Soda ya kuokea ni bikaboneti tupu: asidi ikiigusa, gesi inatoka. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti. Asidi ya kwanza inaigeuza kaboneti kuwa bikaboneti bila kutoa gesi yoyote, na ni ile inayofuata ndiyo inayozaa viputo. Kwa asidi gramu 192, soda gramu 252 hutoa gesi gramu 132. Kwa asidi hiyohiyo, magadi safi gramu 226 hutoa gramu 88. Theluthi moja ya gesi imepotea, na imepotea kwenye kile kitu cha ghali. Halafu kule kuchelewa kunavuruga mfumo unaojiendesha: A inaendelea kusukuma asidi kwa kuwa gesi haijaja, kisha inakuja yote pamoja.

Magadi yabaki kwenye makande. Na hata huko kwa kiasi, kwa sababu magadi ya ukanda huu yanajulikana kuwa na floridi nyingi, ambayo pamoja na maji ya visima vya pande za Meru ndiyo inayowafanya watoto wengi wa huku kuwa na meno ya kahawia.

Septemba

Rotala imeamka kweli. Shina linaongezeka urefu wa kidole kwa juma, ncha zina wekundu, na alasiri majani yanatoa nyuzi za viputo vya oksijeni vinavyopanda juu kama mlolongo wa shanga. Mwani mweusi haujaenea tena. Majani yaliyoathirika niliyakata, mapya ni safi.

Sasa kimejitokeza kile nilichosema nitakirudia. Mimea inakua haraka, na majani ya zamani ya Hygrophila yanageuka manjano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa magnesiamu. GH 4 ilitosha mimea ilipokuwa imelala kwa njaa ya kaboni; kaboni ilipopatikana, upungufu uliofuata ukaonekana. Nimeongeza chumvi ya Epsom ya duka la dawa, yenye magnesiamu, kidogo kidogo kila ninapobadilisha maji, na maganda ya mayai yaliyosagwa nimeyaweka kwenye mfuko wa chujio kwa ajili ya kalsiamu, ingawa hayo yanayeyuka polepole. Majani mapya yanatoka na rangi kamili. Ya zamani hayarudi, unayakata tu.

Mbolea za duka la pembejeo zenye amonia au urea sizitaki karibu na tangi. Zinafaa shambani, majini zinaua samaki na kulisha mwani. Kinyesi cha gapi kinatoa naitrojeni ya kutosha kwa tangi langu.

Taa sijaiongeza na sitaiongeza. Mwanga ndio unaoamua mmea utahitaji kaboni kiasi gani. Mtu mwenye chupa ya hamira na taa kali sana amejitengenezea shamba la mwani, hata kama chupa yake inafanya kazi vizuri. Afadhali taa ya wastani kwa saa 8.

Oktoba

Joto limerudi, vuli inanukia. Vipimo vya mwezi huu: KH 6, GH 6, pH 6.85 alasiri na 7.5 asubuhi kabla ya gesi, kipima rangi kijani saa za taa. Gapi wamezaa. Konokono wana magamba mazima, jambo nililolifuatilia kwa karibu kwa sababu maji yenye asidi huyala magamba yao. KH hii inawalinda.

Kwa wanaotaka kuanza, maoni yangu baada ya kupitia yote mawili ni haya. Tangi la chini ya lita 40 na mfuko mdogo: hamira, chupa ndani ya ndoo, pampu ya hewa usiku. Tangi la lita 60 hadi 100: nenda moja kwa moja kwenye ndimu ya unga, na fedha ya kwanza iende kwenye valvu ya sindano. Zaidi ya hapo utakuwa unajaza chupa kila wakati, tafuta mtungi wa gesi.

Maji ya hamira iliyochoka nayamwaga kwenye shina la mgomba. Hayanywewi, hata kama yananukia pombe. Mabaki ya chupa B yana sodiamu nyingi, hayo yanakwenda kwenye mfereji wa maji machafu, si bustanini.

Kazi iliyobaki ni kupunguza Rotala, imefika juu na kuanza kuwafunika wenzake. Vipandikizi vinakwenda kwenye tangi jipya la lita 20 ambalo nimeliweka varandani. Hilo litabaki na hamira na kile kikombe cha zamani: chupa ya lita moja, sukari gramu 100, hamira robo kijiko. Safari hii sukari naigandisha kwanza kwa jelatini chini ya chupa, ili hamira iile taratibu kutoka juu, nione kama gesi itatulia kwa majuma matatu bila kuguswa.